Kijiwe Ndani ya Mchele

9 Septemba

Daftari hili nimelinunua leo Nyawera, na jambo la kwanza ninaloandika ndani yake ni kwamba Lucien ni mwizi. Nimeliandika kwa wino. Sitamwambia mtu, maana Bukavu neno likikutoka mdomoni asubuhi, saa sita liko Kadutu, na jioni linakurudia limevaa nguo nyingine.

Mambo yalikuwa hivi. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza kwenye sentre ya lugha ambayo Lucien ni mkurugenzi wake. Kwa miaka tisa nimekusanya misemo ya Waingereza katika daftari jekundu: msemo wenyewe, maana yake, unatumika wapi, nani humwambia nani, na mfano mmoja wa mambo ya hapa kwetu. Ilifika misemo mia mbili. Mwezi wa nne mama yangu alilazwa, nikakaa naye hospitali wiki tatu. Lucien akaja kutupa pole, akasema, lete lile daftari, Ornella wa sekretarieti atalipiga kwa mashine ili wanafunzi wapate nakala. Nikampa. Hata nikamshukuru. Mama alipofariki alikuja kwenye kilio na mfuko wa mchele, ameubeba begani mwenyewe ili watu wamwone. Tulikula mchele ule siku nne.

Leo nimekikuta kitabu mezani kwa muuza vitabu: Misemo Mia Mbili ya Kiingereza. Jina la Lucien mbele, picha ya Lucien nyuma, amevaa tai na kushika kidevu. Nimefungua. Mifano ni yangu. Hata yule maman wa mtaa wa Panzi anayegombana na mbuzi wake, niliyemtunga siku moja nikiwa nimechoka, yumo.

Sikulia. Nilirudisha kitabu mezani polepole, nikanunua daftari hili. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimekivaa miaka tisa.

10 Septemba

Mvua ya kwanza ya kweli. Lucien amenisalimia kwa sauti tamu, "Maman Colombe, habari ya nyumbani?" Nimemjibu vizuri sana.

12 Septemba

Nimekinunua kitabu. Nimekisoma jikoni, ndoo chini ya bati linalovuja, na nilipofika namba mia moja kumi na saba nilicheka hadi jirani akagonga ukuta kuuliza kama niko mzima.

Lazima nieleze, hata kama msomaji ni mimi mwenyewe. Kila mwaka, kati ya misemo yangu, ninatia mmoja wa uongo. Wanafunzi wangu wa zamani wanaujua mchezo huo, tunauita kijiwe. Mchele ukiupika bila kuuchambua, lazima kuna atakayeuma kijiwe. Mwanafunzi anayepokea kila kitu kutoka kwa mwalimu bila kufungua kamusi, huyo hachambui. Siku ya mwisho ya masomo napika sufuria kubwa ya wali, na kabla hatujala nauliza: nani amekiona kijiwe? Aliyekiona anapakuliwa wa kwanza. Hakuna alama yoyote daftarini inayokionyesha, ninakihifadhi kichwani, na wali ukiisha kuliwa nakifuta.

Kijiwe cha mwaka huu ni "kuuza mwavuli kabla ya mvua". Nilikitunga mwezi wa pili, nimesimama chini ya kibanda cha muuza simu, nimelowa mpaka kwenye viatu. Nikaandika maana yake: kuachia haraka kitu utakachokihitaji kesho. Hakuna Mwingereza hata mmoja duniani anayesema hivyo. Ni msemo wa Colombe, na Lucien, ambaye hajawahi kukaa siku moja katika darasa langu, ameuchapisha namba mia moja kumi na saba. Ameongeza hata maneno yake mwenyewe: "msemo wa zamani sana unaopendwa na wazee wa Uingereza".

Nikienda kwake leo na kelele, atasema mwalimu ana wivu, ana uchungu wa mama yake. Ataufuta msemo ule na kuchapisha upya. Hapana. Acha kitabu kitembee kwanza.

23 Septemba

Somo la leo nililichagua kwa makusudi: ule msemo unaosema kwamba kisasi ni chakula kinachofaa kupakuliwa kikiwa kimepoa. Nimewaeleza maana: ukikosewa, usijibu ukiwa na joto; ngoja damu itulie, mkosaji asahau, kisha umfikie wakati hakutegemei. Nikaeleza matumizi pia. Unasemwa na mtu aliyekwisha kukata shauri, mara nyingi kwa tabasamu dogo. Humwambii yule unayemngojea. Unamwambia rafiki, kisha unanyamaza.

Wanafunzi wangu ni watu wazima, manesi, madereva wa mashirika, wafanyabiashara. Hamadi, muuza vitambaa wa familia ya Uvira, aliye nami mwaka wa tatu sasa, hakuridhika.

"Madame, ile chakula ni gani? Juu bugali ikipoa inakuwa sawa jiwe. Hakuna mutu anakulaka bugali ya baridi na furaha."

Larissa, nesi, akasema sombe, yale majani ya muhogo, inakuwaka muzuri zaidi kesho yake. Darasa lote likaingia katika mabishano ya jikoni: sambaza, maharagi, lengalenga, ni kipi kinavumilia baridi na kipi hakivumilii. Niliwaacha. Lakini Hamadi alinyanyua mkono tena.

"Na ni nani anakula? Ule mwenye kulipiza, ao ule mwenye alikosa?"

Nikamjibu bila kufikiri kwamba anayekula ni mwenye kulipiza, utamu ni wake. Akaandika jibu langu, kisha akaliangalia kama anavyoangalia kitambaa kilichopunguzwa upana.

30 Septemba

Mvua. Ngazi za udongo za kwetu Nyamugo zimekuwa utelezi mtupu. Nimeanguka mara moja.

7 Oktoba

Hamadi amebaki baada ya somo. Alingoja wenzake watoke, akatoa kitabu cha Lucien kwenye mfuko wa plastiki, akakifungua mahali alipokunja ukurasa.

"Madame, kijiwe yako iko mu kitabu ya Directeur."

Nilijaribu kusema labda nimekosea mimi, labda msemo upo kweli. Akatikisa kichwa. Huyu ni mtu aliyekiona kijiwe mwaka jana akapakuliwa wa kwanza. Amefungua kamusi zote, na ana shemeji Dar anayejua Kiingereza cha vitabu. Nikamwambia ukweli. Nikamwomba anyamaze hadi siku nitakayochagua mimi.

Alikubali kunyamaza lakini hakufurahi. Alisema kwao, mfanyabiashara akijua kwamba kuna unga umeoza sokoni, hata kama ni wa adui yake, anasema. Akisha kusema, ndipo anagombana na adui. Nikamjibu kwamba hili si duka. Akasema anajua, ila batu wanakula. Kisha akanitakia mchana mwema na kuondoka na mwavuli wake.

Hasira hasara, ndivyo alitaka kusema, ila adabu ilimzuia. Mimi sina hasira. Nimepoa kabisa.

21 Oktoba

Nimecheza jikoni peke yangu. Lucien alikuwa redioni, kwenye kipindi cha elimu, na mtangazaji alimwomba msemo mmoja wa kuwaachia wasikilizaji. Kati ya mia mbili akachagua mwavuli! Akaueleza kwa sauti ya padri: wazee wa Uingereza husema, usiuze mwavuli wako kabla ya mvua. Mtangazaji akasema, ah, Waingereza wana hekima. Nje mvua ilikuwa inamwagika. Nilizungusha mwiko hewani kama fimbo ya kiongozi wa kwaya.

28 Oktoba

Mhubiri wetu alitumia mwavuli jana katika mahubiri. Watu wamesema amina. Nami nimesema amina.

4 Novemba

Nilimwona Ornella kuwa mshirika wa wizi. Ndiye aliyepiga kitabu kile chote, kila asubuhi nampita mezani kwake bila kumwangalia vizuri. Leo amenifuata hadi chooni, akafungua kitenge chake kiunoni na kutoa daftari langu jekundu. Alisema Directeur alimwamuru alichome mwezi wa sita. Amelificha kwao chini ya godoro miezi mitano, akiogopa kunipa na akiogopa kulichoma.

Nilimkumbatia mbele ya sinki. Miezi miwili nimemchukia msichana huyu bure.

Ndiye pia aliyenipa habari kubwa. Tarehe 7 Desemba, siku ya Jumamosi, kutakuwa na sherehe ya kitabu: maprofesa, watu wa elimu, wahubiri, na wageni wawili wanaosema Kiingereza tangu tumboni mwa mama zao. Siku hiyo watatangaza kwamba kitabu kinaingia katika shule za sekondari. Baada ya hotuba, watu wataruhusiwa kuuliza maswali.

Nitauliza swali. Nitasimama na daftari jekundu, nitawaomba wageni wale wamweleze Lucien maana ya namba mia moja kumi na saba. Nimeshaanza kuyapanga maneno yangu. Kila jioni nayarudia nikichambua mboga.

11 Novemba

Barabara ya kwenda Kavumu imekatika kwa maporomoko. Siku nzima nimewaza kuhusu Priscille, mtoto wangu wa kulea aliyeko upande ule.

16 Novemba

Priscille amefika, viatu mkononi, miguu ya tope. Ni mtoto wa marehemu dada yangu. Nimemlea tangu ana miaka saba. Yuko Lwiro kwenye utafiti, anahesabu mbu na kuwaandika majina. Jumatatu ana mahojiano kwa njia ya intaneti kwa ajili ya bourse, ufadhili wa kusoma Nairobi miaka miwili. Nafasi ni moja. Walikuwa tisini, wamebaki wanne.

Nikataka tufanye mazoezi ya Kiingereza. Akacheka, akasema Tantine, wewe unanikosoa hadi ninasahau jina langu. Kweli, hajawahi kukaa katika darasa langu. Nyumbani tulijaribu mara mbili, mara mbili tukagombana. Akasema amejitayarisha mwenyewe na atanishangaza.

Nimempikia sombe. Amelala kwenye kitanda cha mama.

18 Novemba

Sijui nianzie wapi. Nianzie na mlango.

Priscille amerudi saa nane mchana, akaingia bila kuvua viatu, akakaa kwenye kiti cha mama na kulia hadi kwikwi. Nilifikiri amepigwa njiani. Nilimpa maji. Polepole hadithi ikatoka.

Mahojiano yalianza vizuri. Watu watatu kwenye skrini, mmoja wao mwanamke mzee wa Kiingereza, mpole. Wakamuuliza kwa nini anataka kuendelea na masomo sasa hivi, wakati ana kazi Lwiro na nchi haijatulia. Hilo swali alikuwa amelitayarisha. Akajibu, kwa furaha, kwamba kuacha masomo sasa itakuwa kama kuuza mwavuli kabla ya mvua.

Yule mzee akatabasamu, akasema ni picha nzuri, ameitoa wapi? Priscille akasema ni msemo wa zamani sana wa wazee wa Uingereza. Mzee akasema hajawahi kuusikia. Hapo Priscille angeweza kucheka na kupita, lakini alifikiri anapimwa, kwamba mzee anajifanya hajui ili aone kama yeye ana uhakika. Akasisitiza. Akasema umo katika kitabu, kila mtu anaujua. Wale wengine wawili wakatazamana, mmoja akaandika kitu. Alipoona kalamu ile ikiandika, Kiingereza chote kikamtoka. Aliulizwa kuhusu mbu, mbu wake mwenyewe wa miaka mitatu, akajibu kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha akanyamaza.

Akafungua begi na kunionyesha kitabu cha Lucien. Alikinunua mwezi wa kumi, akakariri misemo sitini. Alisema alikichagua kwa sababu mwandishi ni mkuu wa sentre yangu, na alitaka nifurahi nikimsikia akisema Kiingereza cha kwetu.

"Tantine, ule musemo haiko ya kweli?"

Nimesema sijui. Nimesema nitatazama kwenye kamusi. Mimi, Colombe, nimemwambia mtoto huyu nitatazama kwenye kamusi.

Kisha nikaenda jikoni na kumlaani Lucien kwa majina yote ninayoyajua, kwa Mashi, kwa Kiswahili, kwa Kifaransa. Mwizi wa kitabu, na sasa mwizi wa mtoto. Nilipiga meza na chupa ya mafuta ikaanguka. Nimeapa tarehe 7 sitamwachia hata kitambaa cha kujifutia uso.

19 Novemba

Uamuzi wa bourse utatolewa tarehe 26. Priscille ana anwani ya yule mzee. Naweza kumwandikia leo: msemo huu niliutunga mimi, mwalimu wa Bukavu, mtoto ameukuta katika kitabu kilichochapishwa, hakudanganya, msikilizeni tena kuhusu mbu wake. Barua ya ukurasa mmoja. Nimeiandika. Ni nzuri.

Lakini kupeleka barua lazima nimweleze Priscille, na Priscille hawezi kukaa na jambo kama hilo kifuani. Atakwenda hadi ofisini kwa Lucien na viatu vyake vya tope. Lucien atajua. Kitabu kitasahihishwa wiki moja kabla ya sherehe, wageni watakikuta kisafi, na mimi nitabaki na daftari mkononi kama mwenda wazimu wa sokoni.

Zimebaki siku kumi na nane. Pengine wale watu hawakujali msemo. Pengine mzee aliupenda, alisema ni picha nzuri.

20 Novemba

Priscille amerudi Lwiro. Barua iko ndani ya daftari hili.

22 Novemba

Iko bado.

25 Novemba

Mvua siku nzima. Hamadi amekuja darasani, ameuliza habari za mtoto wangu wa Lwiro, maana nilikuwa nimewasifia darasani kuhusu mahojiano yake. Nikasema tunangoja. Akasema Mungu atafungua njia. Nilishindwa kumtazama.

27 Novemba

Jibu limetoka jana. Amechukuliwa mwingine. Priscille ameniandikia ujumbe wa simu wenye maneno matatu tu: "Hapana. Asante, Tantine."

Ananishukuru.

28 Novemba

Barabara imefunguliwa; nimepanda gari hadi Kavumu, na pikipiki hadi Lwiro. Nimemkuta katika chumba cha vichupa vyake vya mbu. Nimemweleza yote nimesimama: daftari, kijiwe, redio, sherehe, barua. Niliweka barua mezani mbele yake.

Aliisoma mara mbili. Aliangalia tarehe niliyoandika juu.

"Tantine, ulijua tangu siku gani?"

Nikasema tangu mwezi wa tisa.

"Na siku nilirudi nalia, ulijua ni ile kitabu. Na bale batu walikuwa hawajakata neno bado."

Nikasema ndiyo. Nilitaka kuongeza kuhusu Lucien, kwamba ndiye aliyeiba, kwamba bila yeye haya yote yasingetokea. Nikaanza kusema. Akanyanyua mkono, polepole, kama anavyofanya asifukuze mdudu.

"Papa Lucien alikuibia weye. Miye ni weye mwenye uliniacha nikule." Akafunga kichupa alichokuwa amekishika. "Na batu bote benye balinunua ile kitabu, kila mumoja iko Priscille ya mutu. Sema leo. Usingoje."

Nikamwambia ni siku tisa tu zimebaki. Maneno hayo yalinitoka kabla sijayapima. Nilikuwa nimekwenda Lwiro kuomba msamaha, na hata pale, mbele yake, nilikuwa bado nalinda sherehe yangu.

Alinisindikiza hadi kwenye pikipiki, kwa sababu nilimlea vizuri.

1 Desemba

Sijaandika kitu kwa siku tatu. Kila asubuhi naamka nikisema leo nitakwenda kwa Lucien, uso kwa uso, moto. Kila asubuhi namwona amevaa tai mpya, anapima viti vya sherehe, ananiita Maman Colombe, na ile kiu inarudi. Nataka kumwona akianguka mbele ya watu. Sitajidanganya humu ndani: ninalitaka hilo kuliko usingizi.

5 Desemba

Priscille ametuma ujumbe. Jumamosi atakuja kuchukua nguo zake na vitabu. "Nitapika midi, saa sita. Ukikuya, tutakula na tutasema. Gari yangu iko saa nane."

Sherehe inaanza saa nne asubuhi. Maswali yatakuwa saa tano, saa tano na nusu. Nitafika nyumbani kabla ya saa saba. Nitafanya yote mawili.

7 Desemba

Saa nne ilipofika hakukuwa na mtu jukwaani. Mgeni rasmi aliingia saa tano na robo. Sala, kwaya, kwaya ya pili, hotuba ya aliyemkaribisha aliyemkaribisha mgeni. Nilikaa safu ya tatu, daftari jekundu kwenye mapaja. Saa sita na nusu Lucien alisimama. Alizungumza dakika arobaini. Alisema kitabu hiki alikiandika usiku na mchana kwa miaka tisa. Miaka yangu hasa, hakupunguza hata mmoja.

Saa saba na robo nilitazama mlango. Nyumbani bugali ulikuwa umekwisha kupikwa. Kama ningetoka wakati ule, nikachukua pikipiki, ningemkuta. Nililijua hilo vizuri, na naandika hapa kwamba nililijua. Kisha mwenye kipaza sauti akasema sasa tunaruhusu maswali, na mimi nikasimama.

Ilikwenda kama nilivyoipanga, na vizuri zaidi. Niliwaomba wageni wale wawili watueleze namba mia moja kumi na saba. Walitazamana, wakasema kwa adabu kwamba hawaujui. Lucien akatabasamu, akasema ni msemo wa zamani. Nikanyanyua daftari. Nikasoma msemo wangu kwa mwandiko wangu, tarehe yake, hadithi ya kijiwe, na siku ya Septemba niliyokikuta kitabu Nyawera. Hamadi akasimama upande wa kushoto, akasema yeye alisoma kwangu na anaujua mchezo wa vijiwe. Ornella naye akasimama, analia, akasema aliamriwa kulichoma. Ukumbi ulivuma kama nyuki. Niliona uso wa Lucien ukibadilika, ile tai ikawa kubwa shingoni. Miezi mitatu nilikuwa nimeungojea uso ule. Ulikuwa mtamu, kwa muda ambao mtu anahesabu hadi kumi.

Kisha Lucien akashika kipaza sauti. Hakukana. Aliniuliza kitu kimoja tu, kwa sauti ya chini.

"Maman Colombe, ulijua tangu mwezi wa tisa, na uliacha batoto ya batu wasome uongo. Juu ya nini ulinyamaza?"

Watu mia mbili waligeuza shingo zao kunitazama. Mwizi ni mwizi, lakini swali lake lilikuwa halali.

"Nilitaka ipoe," nilisema.

Hakuna aliyenielewa, isipokuwa darasa langu. Larissa aliinamisha kichwa. Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni rasmi akafunga mkutano, kitabu hakitaingia shuleni, Lucien ametoka kwa mlango wa nyuma bila kumuaga mtu. Jumatatu hatakuwa mkurugenzi, hilo Ornella ameniambia tayari. Nimepata yote niliyoyaomba. Pale mlangoni Hamadi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Enda nyumbani, Madame. Enda kula."

Nimefika saa tisa, nimelowa. Kitanda cha mama kimetandikwa. Nguo za Priscille hazipo, vitabu vyake havipo. Kimoja amekiacha: kitabu cha Lucien, kifudifudi mezani, na juu yake sufuria ya sombe, hivyo masizi yamechora duara jeusi kuzunguka picha ya yule mshika kidevu. Kando yake sahani mbili. Moja imetumika na kuoshwa. Nyingine imefunikwa.

Nilimpigia simu. Iliita hadi ikakata. Nadhani wakati huo gari lake lilikuwa linapita Kavumu.

Nimekaa kwenye kiti cha mama na kufunua sahani. Hamadi alisema kweli, bugali ukipoa unakuwa kama jiwe. Niliukata kwa kidole gumba, nikaumega kipande kwa kipande, nikauchovya kwenye sombe ambayo nayo ilikuwa imeganda mafuta juu. Sikuupasha moto. Nimeula wote, kisha nimeosha sahani na kuirudisha karibu na ile nyingine.